Soya Ilipopewa Mvua ya Kwanza

3 Novemba

Nimechana kurasa nne za mwanzo za daftari hili. Zilikuwa na maandalio ya somo la Sayansi, darasa la sita, na mimi si mwalimu tena. Tangu mwaka juzi ni mstaafu mwenye jembe. Miaka thelathini na minne niliwaambia watoto wa watu kwamba kisichoandikwa kimepotea. Sasa zamu yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Shamba la bondeni si langu, ni la mke wangu, Bertilla. Marehemu baba yake alimkabidhi mbele ya ndugu, akasema ni lake ilmradi linalisha nyumba. Na kwa miaka ishirini lililisha. Kila mvua zikielekea mwisho alilima ntumba, yale matuta ya duara ya kwetu Ufipa yanayofukia majani yakaozea ndani, juu yake akapanda maharage, na mwaka uliofuata mahindi yalisimama kama askari. Kisha mimi nikastaafu. Mwaka jana nilimshawishi anipe shamba nipande alizeti. Alizeti bondeni, kwenye maji. Iliozea ikiwa imesimama, na sisi tumekula unga wa kununua tangu Agosti.

Leonidas, kaka yake Bertilla, hakunyamaza. Alisema kwenye msiba wa jirani mwezi uliopita, watu wote wakisikia, kwamba shamba likipita mwaka mwingine bila kulisha, ndugu watakaa kikao mwishoni mwa Juni na lirudi kwenye ukoo. Ukoo maana yake yeye.

Kwa hiyo ninachezea kitu kisicho changu. Naandika ili nisijisahaulishe.

4 Novemba

Nimemweleza Bertilla mpango. Soya inayokomaa mapema, nimeipata kwa Beda wa Mwazye, mwanafunzi wangu wa zamani. Ipandwe na mvua ya kwanza kabisa, ivunwe mapema Machi, na palepale yaingie mahindi ya muda mfupi, yanywe unyevu wa bonde mvua zikikatika. Mazao mawili, shamba moja, masika moja.

Alikuwa akichambua maharage. Alichambua mpaka sinia likaisha ndipo akajibu. Masharti yake ni mawili. Kwanza, ng'ombe wa kulimia wataenda shamba la juu, kwenye mahindi ya nyumba, kabla ya kushuka bondeni. Pili, kila nitakachopanda nimwambie kabla, si baada.

Nimekubali yote mawili. Ni masharti mepesi.

8 Novemba

Amepita bwana shamba wetu, Ambilikile, kijana wa Mbeya, na pikipiki yake. Ameniamkia vizuri, akakaa, akanivunja moyo kwa adabu. Anasema soya huku hupandwa mwishoni mwa Desemba, ikauke Aprili mvua zikipungua. Ukiipanda Novemba itakomaa Machi, mvua ikiwa juu yake, na mbegu zitaozea kwenye maganda. Kuhusu mahindi ya Machi alicheka kidogo. "Mzee, hayo yatakutana na Juni, na baridi ya Juni hapa kwenu si ya mchezo."

Nilimpa alama arobaini kwa mia. Anasoma karatasi, hasomi udongo.

14 Novemba

Mvua. Saa tisa alasiri, dakika arobaini. Udongo umelowa kina cha kiganja.

15 Novemba

Mvua tena. Kijiji kizima kinapanda mahindi huko juu. Ng'ombe wa Leonidas, ndio tunaolimia wote, wameshaahidiwa nyumba sita kabla yetu. Bondeni watashuka nani ajuaye lini.

18 Novemba

Mvua za kwanza ni za kupandia, na mwenye jembe hangoji ng'ombe. Nimeshuka bondeni peke yangu. Nimegawa shamba kwa kamba vipande vitatu, robo ekari kila kimoja, nikalima na kupanda kipande cha kwanza, kile cha upande wa mto. Kuanzia Ijumaa mpaka leo jioni. Mistari imenyooka kuliko ile niliyokuwa nachora ubaoni.

Leonidas alipita juu ya kingo na ng'ombe wake, akasimama. Akauliza ninapanda nini. Nikamwambia soya. Akatazama mawingu, akatazama soya, akasema, "Mvua ya mahindi hiyo, shemeji." Akaenda zake.

19 Novemba

Mgongo.

28 Novemba

Siku ya nane bila mvua. Soya imeota, ina majani mawili mawili, na mchana inajikunja. Kanisani Jumapili nilisikia nimeshapewa jina: Baba Soya. Waliolitunga ni watu niliowafundisha kusoma.

 

2 Desemba

Manyunyu jana, leo mvua ya kweli. Ng'ombe wameshuka hatimaye na kulima vipande viwili vilivyobaki, lakini jembe lilivunjika kipande cha tatu kikiwa bado nusu. Nimepanda kipande cha pili leo. Wiki mbili kamili nyuma ya ndugu yake.

16 Desemba

Kipande cha tatu kimepandwa leo. Kwanza jembe, kisha palizi ya mahindi ya juu, kisha Bertilla akaugua malaria siku nne nikawa mpishi. Sikutaka tarehe tatu, nimejikuta nazo. Novemba kumi na nane, Desemba mbili, Desemba kumi na sita. Mwalimu wa Sayansi akipewa bahati mbaya ya namna hii anaiita jaribio.

25 Desemba

Noeli. Binti yetu Monika ametutumia migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Wampembe alikoolewa. Leonidas na mkewe wamekula kwetu. Hakutaja shamba hata mara moja, na kutotaja kwake kulikuwa kukubwa kuliko meza.

12 Januari

Kipande cha kwanza kimechanua. Maua ya zambarau madogo mno, usipoinama huyaoni. Niliinama kila mstari.

30 Januari

Kwa kumbukumbu. Kipande cha kwanza: kiunoni, maganda hayahesabiki. Cha pili: juu ya goti, maganda ya wastani. Cha tatu: gotini, na magugu yamekizidi, kwa sababu mvua kubwa za Januari zilikikuta bado kichanga. Udongo ni mmoja, mbegu ni moja, mkono ni mmoja. Kilichotofautiana ni tarehe tu.

Nimemwonyesha Bertilla. Akapita kipande cha kwanza akishika maganda kwa vidole kama anayenunua kitambaa. Akasema haya mazuri, lakini soya hailiwi na ugali. Mahindi yako wapi?

19 Februari

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Majani ya kipande cha kwanza yameanza kuwa njano. Soya itahitaji wiki mbili nyingine kukauka, na wiki mbili hizo ndizo zitakazoyaponza mahindi. Nimepiga hesabu mara tano. Nikingoja shamba liwe tupu, Ambilikile atakuwa amesema kweli, Juni itayakuta mahindi yakiwa bado yanabeba. Lakini nikipanda sasa hivi, katikati ya mistari, chini ya soya hii inayopukutisha majani, mahindi yataota kwenye kivuli chake, na siku tunayong'oa soya yatakuwa yameshatangulia.

Bertilla angesema hapana. Wiki jana nilimpa neno kwamba shamba litakuwa tupu kwanza, aone udongo, ndipo aamue. Leo alikwenda kwenye jumuiya. Nilishuka na debe la mbegu nikapanda kipande chote cha kwanza. Nilipofika nyumbani niliosha mikono mara mbili, kama mtoto aliyeiba sukari.

Nitamwambia yakiota.

26 Februari

Yameota. Sijamwambia. Kalamu ya daftari hili nimeikuta mezani wakati nina hakika niliiacha dirishani. Uzee.

1 Machi

Siku hii niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi nilipanda gari kwenda Sumbawanga mjini kufuatilia karatasi za pensheni. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane nikimngoja karani aliyeahidi kufungua ofisi Jumamosi, nikaambiwa nirudi Jumatano. Nikanunua sabuni na chumvi nikarudi. Njiani hakuna mvua, jua kali, siku kavu ya kwanza baada ya wiki nzima. Nilikuwa na furaha, nikiifikiria soya yangu inavyokauka.

Nilikuwa nimesahau zamu.

Huku kwetu ntumba hazilimwi na mtu mmoja. Nyumba kumi zinashirikiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anawapikia na kuwatengea pombe ya ulezi. Zamu hupangwa Januari, na Jumamosi ya kwanza ya Machi imekuwa ya Bertilla miaka ishirini. Yeye hakuifuta kwa sababu, kwa jinsi alivyojua, soya ya kipande cha kwanza ilikuwa tayari kung'olewa, na udongo baada ya hapo unalimwa ntumba, kama siku zote. Kulikuwa na nini cha kufuta? Mwenye kujua kuna mahindi chini ya soya ile alikuwa mmoja, na alikuwa kwenye benchi mjini.

Niliposhuka kwenye gari nilisikia nyimbo bondeni. Nikaacha sabuni na chumvi kwa mwenye duka nikakimbia. Nina miaka sitini na mbili. Nilikimbia.

Watu ishirini na zaidi walikuwa shambani. Soya ya kipande chote cha kwanza ilikuwa imeshang'olewa, imefungwa mafungu, imepangwa juani kwenye kingo. Na majembe yalikuwa yanapanda na kushuka. Niliona udongo mweusi umeinuliwa kila mahali, nikajua mahindi yamekwisha. Nikaanza kupiga kelele kabla sijafika. Nilisema maneno ambayo mwalimu hasemi. Nilimwambia Bertilla, mbele ya watu wote, kwamba amenizika.

Nyimbo zikakatika. Bertilla akachomeka jembe lake ardhini akanifuata. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ungeniambia," alisema. "Sharti la pili lilikuwa hilo, Baba Monika. Ungeniambia, hata mistari mitatu isingefukiwa."

Mistari mitatu. Nikatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Pembeni kabisa, upande wa mto, kulikuwa na ntumba za duara kama kawaida, na chini yake mistari yangu mitatu ya mahindi. Basi. Kuanzia hapo matuta hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, yamefuata mistari, na katikati ya kila tuta miche ya mahindi ilisimama, kichwa nje, mizima, imevutiwa udongo na majani ya soya pande zote mbili kama watoto waliofunikwa blanketi.

Nikauliza nani amefanya hivi. Mama mmoja akaonyesha kwa kidevu.

Leonidas ndiye aliyesimamisha majembe. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye mstari wa nne, akaona mche mmoja chini ya majani yaliyopukutika, kisha wa pili umbali sawa, kisha wa tatu, akajua hayo si magugu, hayo yamepandwa na mtu mwenye kamba. Akamwita dada yake. Bertilla akainama, akatazama mstari mpaka mwisho, akaelewa yote mara moja: nimefanya nini, na lini, na kwamba nimemficha. Angeweza kuwaambia waendelee. Badala yake akawaambia watu wasilime ntumba za duara leo, wavute udongo na majani ya soya kwenye miche, watengeneze tuta refu. Hakuna aliyewahi kulima ntumba ya namna hiyo. Aliibuni pale pale, jasho likimtoka, na hasira juu.

Nikamwendea Leonidas. Alikuwa anafuta jembe kwa majani. Akasema, "Mahindi hayana kosa, shemeji," akaenda kunywa pombe.

2 Machi

Nimemwomba Bertilla radhi, kwanza faragha, halafu baada ya misa mbele ya majirani, kwa kuwa tusi lilikuwa la hadharani. Aliitikia kwa kichwa. Amenipa kazi ya kutandaza soya.

Jana jioni waliibeba yote nyumbani, sehemu kwenye dari la jikoni juu ya moshi, sehemu chini ya upenu. Usiku mvua ilipiga mpaka mabati yakaimba. Kama soya ile ingekuwa bado shambani, mvua hiyo ingenyesha juu ya maganda yaliyokwisha kukauka, na utabiri wa Ambilikile ungetimia neno kwa neno. Mimi peke yangu ningeing'oa kwa wiki nzima. Watu ishirini waliing'oa kabla ya saa nne asubuhi. Mpango wangu haukuwa na watu ndani yake, na nimeufundisha Ushirikiano kama mada, darasa la tano.

Ambilikile nimemwongeza, sabini kwa mia. Leonidas sijui nimpe ngapi. Naona aibu hata kumpa.

6 Machi

Kipande cha pili kimeanza njano. Nikamwambia Bertilla: nataka kupanda mahindi leo chini ya soya. Akasema, twende. Tumepanda wawili. Mstari wake umenyooka kuliko wangu, bila kamba.

15 Machi

Tumepiga soya ya kipande cha kwanza. Gunia mbili zimejaa, nyeupe, kavu, hakuna kilichooza ila debe moja la pembeni. Watu wanaopita wanaingiza mkono kwenye gunia, wanazishika, wanazirudisha polepole.

20 Machi

Tumepanda mahindi kipande cha tatu. Mvua kila siku.

30 Machi

Soya, kipande cha pili: gunia moja na debe nne. Cha tatu bado kiko shambani, lakini kwa macho hakitafika gunia.

14 Aprili

Kipande cha tatu: debe tano. Jumla bado ni zaidi ya gunia nne. Ninaandika tu, sisemi kwa sauti, kwa sababu soya hailiwi na ugali na Juni haijafika.

20 Aprili

Pasaka. Mahindi ya kipande cha kwanza yamenifikia kifuani. Kijani chake ni kizito, karibu cheusi. Ya pili yako kiunoni. Ya tatu yananitazama kutoka chini.

26 Aprili

Mvua leo. Fupi.

7 Mei

Hakuna mvua siku kumi na moja. Nadhani ile ya tarehe ishirini na sita ndiyo ilikuwa inaaga.

12 Mei

Kipande cha kwanza kimetoa mbelewele na nywele pamoja. Nilichimba kwa mkono ndani ya tuta moja. Juu vumbi, chini kidogo udongo unashikana, baridi, na majani ya soya yameshakuwa meusi na kunuka kama msitu. Mvua imekatika lakini tuta bado linanyonyesha.

Bertilla alinikuta nimepiga magoti mkono umezama mpaka kiwiko. Akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia nimepata.

28 Mei

Upepo wa mashariki, mkavu, unakata midomo. Asubuhi majani ya shambani yana umande mzito na vidole havikunjiki kwa baridi. Ng'ombe wameanza kuachiwa kwenye mabua ya mashamba ya juu, maana wote wameshavuna. Ndivyo ilivyo huku: vuno likiingia ndani, shamba ni la ng'ombe wa kila mtu. Bonde letu ndilo pekee lenye kijani. Tangu juzi tunalinda kwa zamu, yeye asubuhi, mimi mchana, na fimbo na chupa ya chai.

Kipande cha pili kina vihindi, si vikubwa. Cha tatu kimetoa mbelewele na kugoma hapo hapo. Majani yamejikunja, rangi imekwenda zambarau. Hicho hakitabeba. Siku ishirini na tisa tu ziko kati ya hiki na kile cha kwanza.

8 Juni

Ng'ombe wa Leonidas waliingia leo alfajiri, kabla ya zamu ya Bertilla kuanza. Nilisikia kengele, nikafika mbio na fimbo, tayari na hotuba yangu yote ya mwaka mzima. Nikamkuta Leonidas ndani ya shamba, miguu mitupu kwenye baridi ile, anawatoa mwenyewe. Walikuwa wameuma kona ya kipande cha tatu tu. Alikuwa anahema. Alisema kijana anayewachunga alilala, na yeye alipoona hakuna mtu wa kumwita akaruka kingo.

Miezi saba nimeandika humu kana kwamba mtu huyu analingoja shamba hili lianguke. Ni mara ya pili analisimamia.

Bertilla alipofika nilitegemea ugomvi. Alitazama kona iliyoumwa, akatazama ng'ombe, mbavu zao zinahesabika na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza. Akamwambia kaka yake avune kipande chote cha tatu, mabua na majani, ni chakula cha ng'ombe. Hakitabeba mahindi, lakini kitabeba ng'ombe mpaka Novemba. Leonidas alipitisha mkono kwenye mbavu za ng'ombe mmoja. Kisha akasema atakuja na panga kesho.

15 Juni

Mahindi mabichi. Juni. Tumechemsha sufuria nzima, tukala tukiwa tumejifunga mablanketi. Sikumbuki chakula kitamu kama hiki tangu nioe. Ambilikile alipita akapewa mawili, akala la kwanza amesimama, la pili akiwa ameinamia kipande cha kwanza na simu mkononi anapiga picha. Aliniomba tarehe. Nikampa daftari akanakili zote tatu. Alama mia. Mtu anayekubali kurekebishwa na hindi huyo ni msomi.

29 Juni

Kikao.

Walikuja ndugu saba. Leonidas ndiye mkubwa, akaongoza. Hawakukaa nyumbani, alitaka wakae shambani, kwa hiyo tulipeleka mikeka bondeni. Upepo ulikuwa unavuma, vikongwe wawili wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Mbele yao kipande cha kwanza kimesimama, mahindi yameinama kwa uzito, maganda yameanza kukauka. Kando yake cha pili, kidogo, bado kibichi. Na kando yake cha tatu, kipara, visiki vya mabua tu.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Kurasa tatu, zimo nyuma ya daftari hili. Nilisimama, Bertilla akanivuta shati nikaketi.

Yeye ndiye aliyesema. Hakusema mengi. Aliwapitisha kwa miguu kutoka kipande cha kwanza hadi cha tatu, akawaambia siku ambayo kila kimoja kilipandwa soya, na siku kilipopandwa mahindi, na gunia zilizotoka. Tarehe zote sita, kwa kichwa, hakukosea hata moja. Mimi nilikuwa nafuatilia kwenye daftari kama mkaguzi. Kisha akawagawia mahindi ya kuchemsha ya kipande cha pili, moto bado.

Wazee walikula. Mmoja aliuliza kama haya ni ya mwaka huu. Watu wakacheka, hata yeye.

Leonidas alimaliza lake mpaka gunzi likawa jeupe. Akaliweka kwenye mkeka. "Baba alisema ni lake likilisha," alisema. "Mwaka huu limelisha nyumba mara mbili, na ng'ombe wangu mara moja. Mimi sina neno la kuongeza. Kikao kimekwisha, leteni mengine."

Bertilla aligeuka akatazama mto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilijua ni kilio, na nilijua ni cha furaha, nami sikujizuia. Nimelia mbele ya wakwe, na leo sijali.

18 Julai

Mahindi makavu, kipande cha kwanza: gunia tatu, kasoro mistari mitatu ya ujinga wangu. Kipande cha pili: gunia moja. Cha tatu: sufuri, na ng'ombe wanne wanene. Pamoja na ya juu, ghala limejaa mpaka mlango unafungwa kwa goti.

Hapa nafunga msimu. Mistari mitatu mwakani itakuwepo.

11 Novemba

Ni mimi Bertilla ninayeandika. Kalamu ilikuwa dirishani kama kawaida yake.

Mvua imenyesha jana jioni, mapema kuliko mwaka jana siku nne, na leo alfajiri Leonidas alikuwa mlangoni na ng'ombe. Amesema mwaka huu wanaanzia kwangu, wengine wangoje. Nyumba tisa zimekuja na majembe, na kila nyumba imekuja na kibaba cha soya cha kuchangia mbegu, kwa sababu kesho tunakwenda kwa mwingine, na keshokutwa kwa mwingine, mpaka bonde lote liishe.

Daftari hili nimelisoma tangu Februari. Lile la tarehe kumi na tisa nililisoma tarehe ishirini na sita, nikangoja aniambie, nikangoja siku tatu. Asubuhi ya zamu nilikwenda shambani najua mahindi yapo. Mistari mitatu ile niliwaacha wafukie. Leonidas aliposimamisha majembe nilishukuru, maana na mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja mtu ayaone.

Vipande vyote vitatu vimepandwa leo, tarehe moja.

Mwalimu, alama sabini na tano. Mwandiko mzuri. Anaweza kufanya vizuri zaidi akiamka mapema. Saa hizi ni saa nne asubuhi, kazi imekwisha, na bado amelala.